Waliolishika Gitaa la Deep Purple

Barua tulizozichagua kwa toleo hili zinaihusu bendi moja tu, Deep Purple ya Uingereza, na karibu zote zinauliza kuhusu nafasi moja jukwaani: ile ya mpiga gitaa la solo. Tumezipanga kwa kufuata mwendo wa historia ya bendi, na pale barua mbili zilipouliza jambo lile lile tumeziunganisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu anashikilia kwamba Deep Purple imekuwa na wapiga solo watano tangu ianze. Mimi nimesoma kwamba ni wanne, na rafiki yetu anadai ni saba. Tumebishana mno. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, nyote watatu mna hoja, kwa kuwa kila mmoja wenu anahesabu kwa kipimo chake. Waliokuwa wanabendi kamili ni wanne. Wa kwanza ni Ritchie Blackmore, aliyekuwapo tangu bendi ilipoundwa mwaka 1968 hadi 1975, kisha akarudi mwaka 1984 na kudumu hadi Novemba 1993. Wa pili ni Tommy Bolin, Mmarekani, aliyeingia mwaka 1975 na kubaki hadi bendi ilipovunjika mwaka 1976. Wa tatu ni Steve Morse, naye Mmarekani, aliyeanza Novemba 1994 na kuondoka mwaka 2022. Wa nne ni Simon McBride wa Belfast, aliyethibitishwa rasmi Septemba 2022. Hesabu ya kaka yako inakamilika ukimwongeza Joe Satriani, aliyeziokoa ziara za bendi kati ya Desemba 1993 na katikati ya mwaka 1994 bila kurekodi nayo albamu yoyote ya studio.

Hiyo saba ya rafiki yenu inatokana na watu wawili waliosimama mahali pa Blackmore kwa usiku mmoja tu kila mmoja, alipokuwa mgonjwa. Mmoja ni Christopher Cross, wakati huo kijana asiyejulikana, aliyepiga na bendi mjini San Antonio, Texas, mwaka 1970, miaka kumi kabla hajajulikana duniani kwa nyimbo za taratibu zisizofanana kabisa na roki nzito. Mwingine ni Randy California wa bendi ya Spirit, aliyepiga onyesho moja mjini Quebec, Kanada, Aprili 1972. Usiku ule wa Quebec una jambo linalostahili kukumbukwa: bendi iliupiga wimbo wa «When a Blind Man Cries», ambao Blackmore hakuupenda na ambao ulikuwa umeachwa nje ya albamu ya Machine Head. Baada ya hapo wimbo ule ulikaa kimya jukwaani kwa zaidi ya miaka ishirini, na ulipata nafasi yake ya kudumu mara tu Blackmore alipoondoka moja kwa moja.

SWALI: Kwa nini kila anapotajwa mpiga gitaa wa Deep Purple watu humtaja Blackmore, hata kama si yeye anayepiga leo? Na kama alipendwa kiasi hicho, kwa nini aliondoka mara mbili?

JIBU: Inafaa kuanza na kile alichokijenga, kwa sababu kuondoka kwake hakueleweki bila hicho. Bendi nyingi za roki za miaka ya 1960 zilikuwa na gitaa la pili nyuma ya gitaa la solo, la kushikilia mdundo na kuijaza sauti. Deep Purple haikuwa nalo. Kazi hiyo ilibebwa na Jon Lord, ambaye aliiunganisha ogani yake ya Hammond na amplifaya ya Marshall, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya magitaa, hata ogani ikawa inakwaruza na kunguruma. Matokeo yake ni kwamba mpiga solo wa bendi hii hakuwahi kuwa mfalme anayezungukwa na wasindikizaji. Alikuwa mmoja wa wasemaji wawili wenye nguvu sawa, na kila alichokisema kilijibiwa papo hapo na ogani, huku Ian Paice kwenye dramu akiwasukuma wote wawili. Mtu asiyeuelewa mpangilio huo atadhani sauti ya Deep Purple ni ya gitaa peke yake, na atakosea kuwapima wote waliomfuata Blackmore.

Ndani ya mpangilio huo Blackmore, aliyezaliwa Weston-super-Mare mwaka 1945, alileta mambo ambayo wapiga roki wenzake wengi hawakuwa nayo kwa pamoja: mkono mzito wa kulia, sikio lililolelewa na muziki wa kale wa Ulaya, na uthubutu wa kuacha kimya katikati ya kelele. Gitaa lake la Stratocaster lilichimbwa kwenye ubao wa shingo, kati ya freti na freti, yaani vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza shingo, ili kidole kisiguse mbao na uzi uvutike kwa wepesi. Katika «Highway Star» ya mwaka 1972 sehemu ya solo yake inafuata mfuatano wa sauti wa aina iliyotumiwa na Bach, na ilitungwa na kupangwa kabla ya kurekodiwa, jambo lisilo la kawaida kwa mpiga gitaa aliyependa kubuni papo kwa papo. Albamu za In Rock ya 1970, Machine Head ya 1972 na Made in Japan, iliyorekodiwa jukwaani Osaka na Tokyo Agosti 1972, ndizo zilizoiweka sauti hiyo masikioni mwa dunia, na ndiyo sababu jina lake linatajwa kwanza. Sioni kosa katika hilo. Aliyeichora ramani ana haki ya kukumbukwa hata na wale wanaoitumia bila kumjua.

Kuhusu kuondoka, mara ya kwanza ilitokana na mwelekeo wa muziki. Mwaka 1973 mwimbaji Ian Gillan na mpiga besi Roger Glover walitoka, na mahali pao wakaja David Coverdale na Glenn Hughes, ambao walipenda sana muziki wa Wamarekani Weusi wa soul na funk. Albamu ya Burn ya mapema mwaka 1974 ilibeba ladha zote mbili kwa usawa mzuri, lakini Stormbringer ya mwishoni mwa mwaka huo huo iliegemea upande ambao Blackmore hakuutaka. Alipopendekeza warekodi wimbo wa «Black Sheep of the Family», wenzake walikataa, naye akaurekodi kwingine pamoja na mwimbaji Ronnie James Dio. Kazi hiyo ndogo ya pembeni ilizaa bendi nzima ya Rainbow. Onyesho lake la mwisho la kipindi hicho lilifanyika Paris, Aprili 1975.

Mara ya pili sababu ilikuwa watu zaidi ya muziki. Kikosi cha Machine Head kilipokutana upya mwaka 1984 na kutoa Perfect Strangers, mashabiki walidhani majeraha yamepona. Hayakupona. Gillan alitolewa mwaka 1989, mahali pake akaimba Joe Lynn Turner kwenye albamu ya Slaves and Masters ya 1990, kisha Gillan akarudishwa kwa ajili ya The Battle Rages On ya 1993, jambo ambalo Blackmore hakuliafiki. Tarehe 17 Novemba 1993, baada ya onyesho la Helsinki, aliiacha bendi katikati ya ziara na hakurudi tena. Baadaye alianzisha Blackmore's Night, ambamo hupiga kwa sehemu kubwa gitaa lisilo la umeme na nyimbo zenye harufu ya zama za kale. Aliyeusikiliza kwa makini upande ule wa Ulaya ya kale katika upigaji wake tangu 1972 hakushangaa sana.

SWALI: Wazee waliouishi muziki ule wanasema Tommy Bolin ndiye aliyeiua Deep Purple. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, na ningependa kulijibu swali hili kwa urefu kidogo kwa sababu kijana huyu amedhulumiwa na kumbukumbu za watu.

Bolin alizaliwa Sioux City, jimbo la Iowa, mwaka 1951. Kabla ya Deep Purple alikuwa amepigia bendi za Zephyr na James Gang, lakini kilichomfikisha Uingereza kwa jina lilikuwa gitaa lake kwenye albamu ya Spectrum ya mpiga dramu Billy Cobham, iliyotoka mwaka 1973. Ile ni albamu ya jazi iliyochanganywa na roki, yenye kasi ya kutisha, na kijana wa miaka 21 aliyekuwa akipiga zaidi kwa sikio anasimama ndani yake bega kwa bega na mabingwa waliosomea. Coverdale aliisikia, na Blackmore alipoondoka ndiye aliyependekeza Bolin atafutwe. Basi tangu mwanzo bendi haikuwa ikitafuta nakala ya Blackmore. Ilimchagua kwa makusudi mtu wa njia nyingine.

Albamu waliyoitengeneza pamoja, Come Taste the Band ya mwaka 1975, inathibitisha kwamba uchaguzi ule ulikuwa na akili. Bolin alishiriki kutunga sehemu kubwa ya nyimbo zake. Gitaa lake halikatikati kwa ukali kama la Blackmore. Linateleza, linacheka, linavutana na besi ya Hughes, na mara kwa mara linapita kwenye mashine ya mwangwi ya utepe aliyoipenda, hata noti moja ikaonekana kuzaa nyingine tatu. Ukiisikiliza bila kutarajia Machine Head ya pili, ni albamu nzuri. Kwa maoni yangu ni bora kuliko Stormbringer.

Tatizo lilikuwa jukwaani. Usiku hadi usiku alitakiwa kupiga nyimbo za mtu mwingine mbele ya watu waliokuja kumsikia mtu huyo, na wengine hawakusita kulipaza jina la Blackmore wakati yeye akipiga. Pamoja na hilo, alikuwa mtumiaji wa heroini, na Hughes naye alikuwa amezama kwenye kokeini. Katika ziara ya Japani, Desemba 1975, Bolin alipanda jukwaani mkono wake wa kushoto ukiwa umekufa ganzi, akaweza kupiga sauti za kushikilia tu, na Jon Lord akalazimika kuzipiga kwa ogani sehemu nyingi za gitaa. Kwa bahati mbaya usiku ule ulirekodiwa na kuuzwa kama albamu ya jukwaani, na wengi wamemhukumu kwa ushahidi huo peke yake. Anayetaka kutenda haki asikilize pia rekodi ya Long Beach, California, ya Februari 1976, ambapo mkono wake ulikuwa mzima na bendi ikiwa imechangamka.

Onyesho la mwisho lilifanyika Liverpool tarehe 15 Machi 1976, na bendi ikavunjika. Bolin alifariki Miami tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 25, saa chache baada ya kupiga onyesho la utangulizi kabla ya mpiga gitaa Jeff Beck. Bendi aliyoingia ilikuwa tayari imechoka, imeshagawanyika kuhusu muziki wake, na ina watu wawili waliokuwa wanahitaji matibabu. Kumbebesha mgeni wa chini ya mwaka mmoja kifo cha nyumba iliyokwisha kupasuka kabla hajabisha hodi si haki.

SWALI: Joe Satriani ni bingwa. Kwa nini hakuchukuliwa moja kwa moja?

JIBU: Walitaka kumchukua. Yeye ndiye aliyeshindwa kubaki. Blackmore alipoondoka, ziara ya Japani ilikuwa imebakiza wiki mbili hivi, na Satriani alikubali kujifunza programu nzima kwa haraka na kuziokoa tarehe zile za Desemba 1993, kisha akaendelea na bendi kwenye ziara ya Ulaya mwaka 1994. Lakini alikuwa tayari na jina lake. Albamu yake ya Surfing with the Alien ya 1987 ilikuwa imethibitisha kwamba mpiga gitaa anaweza kuuza rekodi nyingi bila mwimbaji, alikuwa amewafundisha wapiga gitaa Steve Vai na Kirk Hammett wa Metallica, na alikuwa na mkataba wa kurekodi kama msanii wa peke yake. Mtu wa aina hiyo hawezi kuishi kwa miaka mingi ndani ya maswali na majibu na ogani ya mtu mwingine. Alikuja kusaidia, akasaidia kwa heshima, akarudi kwake.

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Ninajifunza gitaa, na bendi yetu ya vijana inafanya mazoezi ya «Smoke on the Water». Mwalimu wangu anataka niikariri solo ya Blackmore noti kwa noti. Wenzangu wanasema nipige ya kwangu. Hao waliomfuata Blackmore walifanyaje?

JIBU: Marahaba. Swali lako ndilo kiini cha barua zote za ukurasa huu, na wewe umelifikia kwa vidole, si kwa ubishi.

Tenganisha kwanza vitu viwili. Kuna rifu, yaani kile kipande kifupi kinachojirudia na kuubeba wimbo, na kuna solo. Rifu ya «Smoke on the Water» ni mali ya wimbo. Haibadilishwi. Historia yake unaijua kwa sehemu: tarehe 4 Desemba 1971 kasino ya Montreux, Uswisi, iliteketea wakati Frank Zappa na bendi yake wakiwa jukwaani, baada ya mtu kufyatua fataki ndani ya ukumbi, na Deep Purple, waliokuwa wamefika pale ili warekodi albamu yao humo humo, wakauona moshi ukitanda juu ya ziwa. Walihamia kwenye ukumbi mwingine mjini, wakaanza kurekodi usiku kwa sauti iliyowaamsha majirani, na polisi wakaja kuwazuia. Lakini muziki wa rifu hiyo ulikuwa umekwisha kunaswa. Sehemu iliyobaki ya albamu ilirekodiwa kwenye hoteli iliyokuwa imefungwa kwa msimu wa baridi, kwa kutumia studio ya ndani ya lori iliyomilikiwa na Rolling Stones.

Wanafunzi wengi huipiga rifu hiyo vibaya. Huikwaruza kwa kipande cha plastiki kwenye nyuzi nene, sauti ikawa tope. Blackmore anapiga noti mbili kwa pamoja, zilizo umbali wa nne kwenye ngazi ya muziki, na anazidonoa kwa vidole viwili kwa wakati mmoja, ndiyo maana zinatoka safi na zenye makali. Hapo mwalimu wako ana haki kabisa, na wewe usiongeze wala kupunguza. Morse, aliyekuwa na tabia ya kuchezea vipande vya rifu maarufu za bendi nyingine kabla ya kuuanza wimbo huu, alipofika kwenye rifu yenyewe aliacha mchezo na kuipiga ilivyo.

Solo ni jambo jingine. Sikiliza solo ya kwenye Machine Head, halafu sikiliza ya kwenye Made in Japan: mpigaji ni yule yule, wimbo ni ule ule, miezi minane tu imepita tangu walipourekodi studio, na solo si ile. Kama mwenye wimbo hakujikariri, kumkariri wewe ni kukosa kile alichokuwa akikifanya. Hivyo ndivyo Morse alivyolielewa jambo hilo. Aliuheshimu mwanzo wa solo, ile mistari michache ambayo msikilizaji huisubiri, kisha akaenda zake kwa mkono wake wa kulia unaoipiga kila noti peke yake, chini na juu, bila kuteleza. McBride amefuata njia hiyo hiyo, ingawa mkono wake una ladha zaidi ya bluzi na uko karibu zaidi na ule wa Blackmore.

Ila usiifanye kanuni hiyo kuwa ya nyimbo zote. Katika «Highway Star» solo ilitungwa, ni sehemu ya wimbo kama ulivyo ubeti, na Morse na McBride wamelihifadhi umbo lake katika zile sehemu zinazojulikana. Kazi ya mpigaji anayerithi nafasi ni kujua ni wapi mwenye wimbo alikuwa ameandika na ni wapi alikuwa anaongea tu. Kwa hiyo ikariri solo anayoitaka mwalimu wako kwa mwezi mmoja au miwili, ili vidole vijue ilikopita. Ukishaijua, iache.

SWALI: Morse alikaa muda mrefu kuliko Blackmore, lakini hayumo kwenye Ukumbi wa Heshima wa Roki wa Marekani. Na wapo wanaosema kwamba bila Blackmore hiyo si Deep Purple tena. Unaonaje?

JIBU: Hesabu yako ni sahihi. Ukivijumlisha vipindi viwili vya Blackmore unapata takriban miaka 16. Morse alikaa karibu miaka 28. Kwa albamu za studio Blackmore anamzidi, 13 kwa 8.

Ukumbi wa Heshima uliipokea Deep Purple mwaka 2016, mjini New York, ukiwataja watu wanane: Blackmore, Lord, Paice, Gillan, Glover, Rod Evans, Coverdale na Hughes. Lord alikuwa ameshafariki tangu Julai 2012. Blackmore hakuhudhuria. Bolin hakutajwa, Morse hakutajwa, na wala Don Airey, aliyeirithi ogani ya Lord mwaka 2002, hakutajwa. Na bado, bendi ilipopanda jukwaani usiku ule ili kuupigia ukumbi nyimbo zilizokuwa zikiheshimiwa, aliyelishika gitaa alikuwa Morse. Naliona jambo hilo kuwa ni aibu ya waandalizi. Mtu anaombwa ahudumie karamu ambayo jina lake halimo kwenye orodha ya walioalikwa kula.

Kosa lao ni kuuona urithi kama kitu kilichoganda mwaka 1974. Mwaka 1994, Morse alipoanza kwa maonyesho machache ya majaribio nchini Mexico, Deep Purple ilikuwa bendi iliyochoka na kugombana. Alikuwa ametoka katika Dixie Dregs, bendi yake isiyotumia mwimbaji, iliyochanganya jazi, kantri na roki, na alikuwa amepigia bendi ya Kansas; amesomea muziki Chuo Kikuu cha Miami, na kuna kipindi aliacha muziki akawa rubani wa ndege za abiria. Albamu ya kwanza aliyoshiriki, Purpendicular ya 1996, inafunguliwa na rifu ambayo hakuna anayeweza kudhani ni ya Blackmore, na ndani yake mna «Sometimes I Feel Like Screaming», ambao mpaka leo ni mmoja wa nyimbo bora za bendi za kipindi chochote. Jon Lord alianza tena kujibizana na gitaa kwa furaha inayosikika wazi. Hilo ndilo jambo ambalo nafasi ile ilikuwa ikihitaji: mtu wa kuongea na ogani. Nakala isingeweza kuongea.

Kuna kipande kimoja cha Morse ambacho hupuuzwa kwa sababu ni kifupi na hakina maneno, «Contact Lost», kinachofunga albamu ya Bananas ya 2003. Alikitunga baada ya chombo cha anga cha Columbia kuvunjika angani tarehe 1 Februari 2003 na kuwaua wanaanga wote saba. Mmoja wao, Kalpana Chawla, alikuwa mpenzi mkubwa wa Deep Purple na alikuwa amebeba albamu zao safarini. Gitaa linaimba taratibu kwa dakika moja na nusu hivi, bila mbwembwe yoyote ya kasi, kutoka kwa mtu ambaye angeweza kuipata kasi yoyote aliyoitaka. Kwangu mimi, anayesema Morse alikuwa fundi asiye na moyo anapaswa kukisikiliza kipande hicho kabla ya kuendelea.

Kuhusu jina, historia imekwisha kutoa jibu la upande mmoja. Mwaka 1980 Rod Evans, mwimbaji wa kwanza, alizunguka Marekani na wanamuziki wasiohusika kabisa na bendi, wakijiita Deep Purple na kuzipiga nyimbo zile zile. Mashabiki waliwazomea, kesi ikafunguliwa, na mahakama ikaamuru fidia ya dola 672,000. Kwa hiyo jina na nyimbo pekee havitoshi. Lakini kipindi cha Morse kilikuwa na Paice, ambaye ndiye pekee aliyekuwapo katika vikosi vyote, kilikuwa na Gillan na Glover, na hadi 2002 kilikuwa na Lord. Watu wanne kati ya watano walioitengeneza Machine Head walikuwa jukwaani. Anayedai kwamba hiyo haikuwa Deep Purple anapaswa kueleza ni kwa nini mmoja aliyeondoka ana uzito kuliko wanne waliobaki.

SWALI: Kwa nini Morse aliondoka, na huyu McBride anafaa? Nianze kumsikiliza wapi?

JIBU: Morse aliondoka kwa sababu ya mke wake, aliyekuwa anaugua saratani. Mapema mwaka 2022 alipumzika ili kumuuguza, na Julai mwaka huo ikatangazwa kwamba hatarudi, kwa maelewano na bila ugomvi, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwenye nafasi hiyo kwa mpiga gitaa yeyote kamili kabla yake.

McBride alikuwa tayari anashika nafasi yake kwenye ziara. Alizaliwa mwaka 1979, wakati bendi ilikuwa imevunjika kwa miaka mitatu, na hakuwa mgeni kwa wenzake wapya: alikuwa amepiga kwenye bendi ya binafsi ya Don Airey na kwenye maonyesho ya Gillan ya nje ya Deep Purple. Anafaa, na sababu yake ni hiyo hiyo ya kujuana na ogani. Alipoingia, mazungumzo kati yake na Airey yalikuwa yameanza miaka kadhaa nyuma.

Anza na albamu ya =1 ya Julai 2024, iliyosimamiwa na mtayarishaji Bob Ezrin. Sikiliza «Portable Door», uangalie gitaa na ogani zinavyopeana zamu ya kuongoza. Kisha, ukiwa na nafasi, sikiliza siku hiyo hiyo «Lazy» ya mwaka 1972, ambamo Lord anaongea peke yake kwa muda mrefu kabla Blackmore hajaingia, halafu urudi kwa McBride. Usiwalinganishe kwa kasi. Sikiliza ni nani anayemsubiri mwenzake amalize.